Kuanza na Thunderbird: barua pepe zinazosomeka hata bando likiisha

Thunderbird ni programu ya bure ya kusoma, kuandika na kutunza barua pepe kwenye kompyuta. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004 chini ya Mozilla, na tangu 2020 inaendelezwa na MZLA Technologies, kampuni tanzu ya Mozilla Foundation inayoendeshwa zaidi kwa michango ya watumiaji. Msimbo wake uko wazi kwa leseni ya MPL 2.0. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na haikuonyeshi matangazo kati ya barua zako.

Kwa mtu anayenunua intaneti kwa MB, faida yake kubwa ni kwamba barua hupakuliwa mara moja na kubaki kwenye diski. Utaisoma tena kesho, utatafuta ankara ya mwaka jana, utaandika majibu kumi, yote bila mtandao. Majibu yataondoka ukiunganishwa. Lakini programu hii ina uwezo wa kufuta pia, na wengi waliopoteza barua hawakuzipoteza kwa sababu ya hitilafu. Walikuwa hawajui barua halisi iko wapi. Tuanzie hapo.

Barua itakaa wapi: IMAP au POP

Kuna njia mbili za kuchukua barua kutoka kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma wako inayopokea na kutunza barua. Kwa IMAP, barua halisi inabaki kwenye seva na kompyuta yako inapewa nakala. Ukisoma barua kwenye simu, kwenye kompyuta itaonekana imesomwa. Ukiifuta kwenye kompyuta, kwenye simu na kwenye seva inafutika pia. Kwa POP, barua inashushwa kwenye kompyuta na seva inaweza kuondolewa nakala yake. Folda za barua ulizotuma na ulizopanga haziendi popote zaidi ya kompyuta hiyo.

Chagua IMAP. Sababu nzuri ya kuchagua POP ni moja: ofisi yenye kompyuta moja na nafasi ndogo sana kwenye seva. Hata hapo, ndani ya "Server Settings" weka tiki kwenye "Leave messages on server", na ukitaka kikomo weka siku 14, ili kompyuta ikiharibika leo, barua za wiki mbili ziwe bado ziko kwenye seva.

Upande wa kushoto wa programu utaona pia "Local Folders". Folda hizo ziko kwenye diski yako peke yake. Barua uliyoihamishia humo haipo tena kwenye seva, na diski ikifa inakufa nayo.

Kupakua na kusakinisha

Pakua kutoka thunderbird.net tu. Ukitafuta jina la programu kwenye injini ya utafutaji, tovuti za kwanza zinaweza kuwa matangazo ya watu wanaokupa faili iliyochanganywa na vitu vingine. Faili ya usakinishaji ya Windows kwa kawaida haifiki MB 100.

Utakuta matoleo ya aina mbili. Moja hupata vipengele vipya kila mwezi, jingine, linaloitwa ESR, hupata mabadiliko makubwa mara moja kwa mwaka na katikati hupata marekebisho ya usalama na ya hitilafu tu. Kwa ofisi yenye kompyuta kadhaa na bando la pamoja, ESR ndiyo inayofaa: vitufe havihamihami na masasisho ni machache.

Matoleo ya sasa yanahitaji Windows 10 au zaidi. Toleo la mwisho kufanya kazi kwenye Windows 7 na 8 lilikuwa 115. Mwenye kompyuta ya zamani asilazimishe Windows iliyokwisha kuachwa. Kusakinisha Linux nyepesi pamoja na Thunderbird mpya ni salama zaidi kuliko kubaki na mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama. Kwenye Debian, mojawapo ya aina za Linux, amri ni `sudo apt install thunderbird`. Kwenye Ubuntu 24.04 amri hiyo hiyo huleta kifurushi cha Snap (mfumo wa Ubuntu wenyewe wa kusambaza programu), jambo lisilo na madhara, ila folda ya data inakaa mahali tofauti, na tutaligusia chini.

Baada ya kufungua programu, bonyeza kitufe cha Alt ili menyu ya juu itokee, kisha nenda "View", "Toolbars", weka tiki kwenye "Menu Bar" ibaki wazi. Hatua nyingi zinazofuata zinapitia menyu hiyo.

Kuongeza akaunti

1. Programu itakuuliza jina lako na anwani ya barua pepe. Jina ndilo atakaloliona mpokeaji, kwa hiyo andika jina kamili au la ofisi.
2. Thunderbird itatafuta yenyewe mipangilio ya seva. Kwa watoa huduma wakubwa huipata ndani ya sekunde chache.
3. Hakikisha IMAP ndiyo iliyochaguliwa kabla ya kuendelea. Aina ya akaunti haibadiliki baadaye. Itabidi uiondoe na kuiongeza upya.
4. Ingiza nywila, au ingia kupitia dirisha la mtoa huduma litakalofunguka.

Kwa Gmail, seva ya kupokea ni imap.gmail.com kwa poti (namba ya mlango wa seva) 993, na ya kutuma ni smtp.gmail.com kwa poti 465. Uthibitisho uwe "OAuth2". Maana yake ni kwamba dirisha la Google linafunguka ndani ya Thunderbird, unaingia humo, na Google inaipa programu ruhusa bila kuipa nywila yako. Dirisha hilo likigoma au likijirudia bila mwisho, mara nyingi ni kwa sababu vidakuzi (cookies) vimezimwa. Nenda "Settings", "Privacy & Security", ruhusu vidakuzi, ujaribu tena.

Outlook.com na Hotmail ziliacha kupokea nywila za kawaida kutoka kwenye programu za nje mnamo Septemba 2024, kwa hiyo nako ni OAuth2 tu. Yahoo hutumia imap.mail.yahoo.com na smtp.mail.yahoo.com, poti 993 na 465.

Akaunti ya kikoa cha ofisi, yaani anwani inayoishia na jina la tovuti ya ofisi, ndiyo husumbua zaidi, na sababu huwa zilezile. Jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na alama ya @ na kikoa; wengi huandika kipande cha mbele peke yake na kukataliwa. Kupokea ni poti 993 yenye "SSL/TLS". Kutuma ni 465 yenye "SSL/TLS", au 587 yenye "STARTTLS"; zote mbili ni njia za kusimba mawasiliano. Ukichanganya jozi hizo, programu itasubiri na kusubiri bila jibu. Poti 25 iache kabisa, kwani watoa intaneti wengi huifunga kuzuia taka.

Ukiona onyo kuhusu cheti cha usalama, yaani kitambulisho cha seva, usibonyeze haraka "Confirm Security Exception". Kwanza tazama saa na tarehe ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, kompyuta hurudi miaka nyuma kila inapozimwa, na kwa tarehe hiyo cheti kizuri kabisa kinaonekana hakijaanza kutumika. Tarehe ikiwa sawa, tazama jina lililo kwenye cheti. Kwenye seva zinazohifadhi tovuti nyingi pamoja, cheti kinaweza kuwa na jina la seva ya kampuni badala ya kikoa chako. Waulize wanaokuhifadhia tovuti jina hilo, uliweke mahali pa jina la seva, na onyo litaondoka lenyewe. Kama onyo limetokea kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya mgahawa, achana na mtandao huo. Huenda kuna mtu katikati anayenasa mawasiliano yako.

Fanya haya mara tu akaunti ikiingia

Programu huanza kupakua papo hapo. Kama kikasha chako kina barua za miaka mingi na upo kwenye bando la siku, nenda "File", "Offline", "Work Offline" mara akaunti inapotokea, ndipo upange mambo kwa utulivu.

Bonyeza kulia juu ya jina la akaunti, chagua "Settings", kisha "Synchronization & Storage". Kwa kawaida kuna tiki inayoamuru barua za folda zote zihifadhiwe kwenye kompyuta. Usiiondoe moja kwa moja, maana bila hiyo kila barua itahitaji mtandao ndipo ifunguke, na faida niliyoitaja mwanzoni imepotea. Bonyeza "Advanced" iliyo karibu nayo, uchague folda unazozihitaji: kikasha, barua ulizotuma, na folda moja au mbili za kazi. Halafu chagua kupakua barua za siku 30 au 90 za karibuni badala ya zote. Chini yake kuna kikomo cha ukubwa. Ukiweka KB 500, barua zenye viambatisho vizito hazitajipakua zenyewe mpaka uzifungue.

Ujue kwamba kikomo cha siku kinahusu miili ya barua. Orodha ya vichwa vya barua hupakuliwa yote unapofungua folda mara ya kwanza, na folda yenye barua 30,000 itachukua muda.

Ukurasa huohuo una sehemu ya hatari kuliko zote katika programu hii. Kuna machaguo ya kufuta barua zilizozidi idadi fulani au siku fulani. Maelezo yake yanataja kuokoa nafasi ya diski, na mtu mwenye kompyuta iliyojaa huyaona kama msaada. Kwa IMAP yanafuta barua kwenye seva pia, moja kwa moja, bila kupitia kapu la taka. Acha palepale kwenye "Don't delete any messages".

Kwa watumiaji wa Gmail kuna hatua ya ziada inayookoa bando jingi. Ingia Gmail kwa kivinjari, fungua mipangilio yote, nenda kwenye ukurasa wa lebo, na mbele ya "All Mail" ondoa tiki ya "Show in IMAP". Folda hiyo ina karibu kila barua uliyonayo, ikiwemo iliyo tayari kwenye kikasha, na ndiyo sababu utafutaji huleta barua moja mara mbili. Kwenye ukurasa wa IMAP wa mipangilio hiyohiyo unaweza pia kuiambia Gmail ionyeshe barua 1,000 tu kwa kila folda. Zilizobaki ziko salama Gmail. Thunderbird haitaziona tu.

Rudi sasa kwenye "Server Settings". Programu hukagua barua mpya kila dakika 10. Ukibadilisha iwe 30 na kuondoa tiki ya taarifa za papo hapo kutoka kwenye seva, matumizi ya data yanapungua. Ukimaliza, ondoa "Work Offline" na uiache ipakue.

Matumizi ya kila siku

Kuandika bila mtandao ni rahisi: andika barua, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Enter badala ya Ctrl+Enter. Barua inaingia "Outbox" na kusubiri. Ukiunganishwa, nenda "File", "Send Unsent Messages". Kabla ya kuzima kompyuta tazama kama "Outbox" ni tupu, kwani barua iliyo humo haijaenda kokote na haionekani kwenye simu.

Kutafuta kuko kwa aina mbili. Ctrl+Shift+K huchuja orodha ya folda uliyomo, haraka sana, kwa mtumaji, mada au wapokeaji. Ctrl+K hutafuta ndani ya barua zote zilizokwisha kuorodheshwa, hata maneno yaliyo katikati ya barua. Ile ya kwanza ndiyo utakayoitumia mara nyingi.

Picha za mbali zimezuiwa kwa kawaida, na ziache hivyo. Barua nyingi za matangazo zina kijipicha kisichoonekana ambacho kikipakuliwa humwambia mtumaji kwamba umeifungua, saa ngapi na kutoka mtandao upi. Kwa mtumaji unayemwamini, ruhusu anwani yake peke yake.

Kichujio cha barua taka hujifunza kutoka kwako. Bonyeza J juu ya barua taka, na Shift+J juu ya barua njema iliyodhaniwa taka. Hiyo ya pili watu huisahau, na kichujio kilichofundishwa taka peke yake huanza kuona taka kila mahali. Kwa wiki chache za mwanzo pitia folda ya taka kila siku.

Viambatisho huvimba njiani. Faili hugeuzwa kuwa maandishi ili ipite, na ukubwa wake huongezeka kwa karibu theluthi moja. Seva ikikataa barua inayozidi MB 25, faili ya MB 20 inaweza kurudishwa ingawa hesabu ya haraka inasema itapita. Ubaki chini ya MB 17, au utume kiungo.

Jambo dogo linaloleta heshima kwenye barua za kazi: Thunderbird huanza jibu chini ya maneno uliyonukuu, na wapokeaji wengi waliozoea kusoma juu hulikosa jibu lako. Badilisha kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya "Composition & Addressing", liwe juu ya nukuu.

Mambo yanapokwama

Nywila inakataliwa ingawa ni sahihi: kwa Gmail, Outlook na Yahoo, tazama kama uthibitisho bado umewekwa "Normal password" na ubadilishe kuwa OAuth2, kwa kupokea na kwa kutuma. Mipangilio ya kutuma iko mahali pake, "Outgoing Server", chini kabisa ya orodha ya akaunti. Watu hurekebisha upande mmoja na kushangaa kwa nini wanapokea lakini hawatumi. Kwa akaunti ya Google ya ofisi au chuo, msimamizi anaweza kuwa amezuia programu za nje, na hapo hakuna mpangilio wa kwako utakaosaidia.

Ofisi ambayo watu watano wanatumia anwani moja ya pamoja hukutana na kosa la miunganisho kuzidi. Kila Thunderbird inaweza kufungua miunganisho 5 kwa wakati mmoja, na seva za pamoja huweka kikomo kwa kila mtumiaji kutoka anwani moja ya intaneti. Kompyuta tano zinafikisha 25. Kwenye kila kompyuta nenda "Server Settings", "Advanced", upunguze iwe 2.

Ukibonyeza barua na kuletewa maudhui ya barua nyingine, kielezo cha folda (orodha inayoonyesha kila barua iko wapi) kimeharibika, mara nyingi baada ya umeme kukatika. Bonyeza kulia juu ya folda, "Properties", kisha "Repair Folder". Kwa IMAP huenda ikapakua upya, kwa hiyo subiri uwe na bando la kutosha.

Folda inabaki kubwa hata baada ya kufuta barua nyingi kwa sababu Thunderbird huweka barua zote za folda ndani ya faili moja, na kufuta ni kuweka alama tu. Bonyeza kulia, "Compact", ndipo nafasi irudi. Kazi hii huandika faili upya, hivyo inahitaji nafasi wazi kwenye diski, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS isiifanye siku ambayo umeme unakatikakatika. Mpango huo wa faili moja ndio pia unaofanya programu ya kuzuia virusi iweze kukifungia kikasha kizima kwa sababu ya kiambatisho kimoja kibaya. Iambie isiiguse folda ya data ya Thunderbird.

Seva ikijaa, fuata mpangilio huu bila kuruka hatua. Kwanza hakikisha barua unazotaka kuziondoa zimepakuliwa nzima. Zinakili, usizihamishe, kwenda "Local Folders". Washa "Work Offline", fungua kadhaa pamoja na viambatisho vyake. Zikifunguka, tengeneza nakala ya akiba. Ndipo ufute kwenye seva.

Nakala ya akiba

Kila kitu, yaani barua, anwani, vichujio na nywila, kimo ndani ya folda moja. Kuipata nenda "Help", "Troubleshooting Information", na mbele ya "Profile Folder" bonyeza kitufe cha kufungua. Kwenye Windows iko `%APPDATA%\Thunderbird\Profiles`, kwenye Linux `~/.thunderbird`, na kwa Snap ya Ubuntu ni `~/snap/thunderbird/common/.thunderbird`.

Data yako ikiwa chini ya GB 2, "Tools", "Export" itakutengenezea faili moja ya zip, na kwenye kompyuta mpya utairudisha kwa "Import". Ikizidi hapo, funga Thunderbird kabisa, kisha nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Ukinakili programu ikiwa wazi, baadhi ya faili zitatoka nusu. Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32 usiopokea faili inayozidi GB 4, na kikasha cha miaka kumi kinaweza kuzidi; ipange upya flashi kwa exFAT, ukijua kwamba kufanya hivyo kunafuta vilivyomo.

Kwa kuwa nywila ziko humo, anayeokota flashi yako ameokota barua zako. Kabla ya kunakili nenda "Settings", "Privacy & Security", washa "Use a Primary Password", uchague maneno marefu utakayoyakumbuka, kwani ukiyasahau hakuna njia ya kuyarudisha na itabidi uingize upya nywila za akaunti zote. Hata hivyo ulinzi huu unafunika nywila tu. Barua zenyewe ndani ya nakala zinasomeka na yeyote, kwa hiyo diski ya akiba ikae mahali panapofungwa kwa ufunguo au isimbwe fiche nzima.

Kwa simu za Android, Thunderbird ilitoka Oktoba 2024, imejengwa juu ya K-9 Mail, programu ya barua pepe ya Android iliyokuwepo kabla. Huna haja ya kuandika mipangilio tena: kwenye kompyuta chagua "Tools", "Export for Mobile", na msimbo wa QR utatokea uusome kwa kamera ya simu. Akaunti za OAuth2 zitakuomba uingie upya kwenye simu. Barua za "Local Folders", na za POP zilizokwisha kuondolewa kwenye seva, hazitakwenda.